Taa Iletwe Huku

Sista Klementina alinipigia asubuhi,
sauti ya Songea, taratibu, kama anahesabu shanga:
"Fundi Vuai, picha yetu haionekani.
Njoo uifungie taa."

Nikabeba ngazi hadi uchochoro wa Baghani,
kikanisa cha watawa, mlango mfupi.
Nikavua viatu kwa mazoea.
Akacheka kidogo: "Humu havivuliwi."
Nikaviacha nje hivyohivyo.

Picha imechorwa juu ya ubao,
imekula moshi wa mishumaa miaka na miaka,
pembe moja imeliwa na mchwa.
Bibi Maryamu amempakata Isa.
Kwetu hatuwachori,
lakini jina lake nalijua tangu chuoni,
sura yake nimeisoma kwa sauti,
shina la mtende, tende mbivu zikimdondokea
na uchungu umemkaba.
Nikamsalimu kimoyomoyo,
kama mtu uliyemjua kwa kusikia
na leo ndiyo mnaonana.

Kazi yangu mimi ni kuuliza mwanga unatoka wapi.
Nikatafuta. Dirisha halimo.
Mshumaa haumo. Mwezi haumo.
Nyuma yao kiza totoro, kama ndani ya mtungi,
na bado kidevu cha mama kimewaka,
na chini ya pua, na kope kwa ndani,
mwanga unapanda,
unapanda kutoka kwa mtoto.
Hakuna waya. Hakuna mita ya kusoma.

Na uso ule, jamani, si wa furaha peke yake.
Mdomo umeanza kucheka ukasita,
kama wa mtu aliyekabidhiwa amana
na papo hapo akatajiwa siku ya kuirudisha.

Uso ule mimi nimeuona.

Mwaka ule kisiwa kilipozimika, miezi mitatu,
majenereta yakinguruma kwa wenye nafasi
na sisi wa Jang'ombe tumerudia vibatari,
Zuwena akashikwa usiku.
Mkunga Bi Tufaha, macho yameshamfifia,
akasema: "Mleteni mtoto kwenye taa nimtazame.
Mbona halii?"
Na Zuwena, jasho tupu, sauti hana:
"Haletwi. Taa iletwe huku."

Nikaishika mimi, utambi unatetemeka
au natetemeka mimi.
Nikaiweka chini, usawa wa kanga,
mtoto akaiziba kwa mwili wake,
na mwanga ukampanda mama kidevuni.
Kimya.
Kimya.
Kisha akapiga chafya.
Hakulia, wallahi. Chafya.

Sista alitaka balbu ya wati mia.
Nikafunga, nikawasha. Lahaula!
Vanishi ikametameta, uso ukawa bapa kama sahani,
mama akawa mama yeyote,
mtoto akawa mtoto wa kalenda.
Ile huzuni ikakimbia kama mjusi.

Nikazima. Nikashuka.
Mkobani nikapekua balbu ndogo ya manjano
(ilikuwa ya kibaraza cha choo cha mtu, nisamehewe),
nikaifunga chini, nyuma ya chombo cha maua,
itazame juu.
Wakarudi polepole.
Kwanza kidevu. Kisha hofu.
Mwisho mkono wa mama,
uliokuwapo siku zote gizani,
vidole vimezama katika paja la mwana,
havibembelezi: vinazuia.

"Ni ndogo mno," akasema Sista.
Halafu hakusema tena.
Akakaa kwenye benchi, na mimi nikakunja ngazi
kwa adabu, isipige kelele.

Nyumbani umeme wa tukuza umekwisha.
Zuwena anachambua mchele mlangoni.
Siraji, kidevu kimeanza kuota ndevu,
anafanya hesabu kwa tochi ya simu.

"Ulikuwa kazi wapi leo?"
"Kwa Bibi Maryamu."
Akanitazama kama nimepigwa na jua.
"Hajambo?"
"Hajambo. Bado kamshika."